Mwenye Nyumba Huonja Kwanza

Phelista Nekoye hakupenda vitu vya bure. Ukimpa andazi la bure angelikata katikati kwanza aone umetia nini, na ukimsifu nguo angekwenda kujitazama mgongoni. Kwa hiyo Kipkoech, mwuzaji wa kampuni inayotengeneza brandi ya Mlima Dhahabu, alipoingia dukani kwake Bungoma asubuhi moja ya Novemba mwaka wa 2007, tai nyekundu shingoni na meno yote nje, akamwambia kwamba kampuni imemchagua yeye kati ya maduka yote ya mji, Phelista hakuuliza amechaguliwa kwa nini. Aliuliza wale wengine wamekataa kwa nini.

"Hakuna mtu amekataa, madam," Kipkoech akasema. "Ni promosheni tu. Hema, muziki kidogo, msichana wetu anaonjesha watu na vikombe vidogo. Mtu akipenda, ananunua chupa kwako. Wewe unauza, sisi tunajulikana. Shida iko wapi?"

"Shida ndiyo bado sijaiona. Ningeiona ningetulia."

Alikuwa na sababu ya kuitafuta. Leseni yake ilikuwa ya kuuza chupa iliyofungwa, mnunuzi aende nayo kwake. Kunywa ndani ya duka, hata tone, kulikuwa marufuku. Tena mwaka ule mkuu wa wilaya alikuwa ameyaandikia maduka yote barua: kampuni ya pombe ikitaka kuonjesha watu iombe kibali, ionjeshe nje ya duka, mchana, na watu wazima peke yao, na kosa likitokea, atakayejibu mbele ya korti ya leseni ni mwenye duka. Korti hiyo ilikuwa ikae kabla ya mwezi kwisha, na leseni ya Phelista ilikuwa miongoni mwa zile za kufanywa upya.

Usimwone na unga na sabuni ukadhani ndivyo vilivyomweka mjini. Unga na sabuni vilikuwa kila kibanda. Rafu ya chupa nyuma ya kaunta ndiyo iliyolibeba duka zima, na bila rafu ile duka lingebaki jina tu. Duka likibaki jina, watoto wake watatu wangerudi Matulo kulelewa na watu wa baba yao, na Phelista alikuwa tayari kula nyasi kabla ya kuliona hilo.

Habari ya Matulo ni afadhali isemwe mapema. Mume wake, Makokha, alikula chakula cha jioni nyumbani, akalala vizuri, akaamka ameshika tumbo. Siku ya tatu akafa hospitalini. Daktari alisema utumbo ulipasuka. Watu wa Matulo walimsikiliza daktari kwa heshima zote, wakatoka nje, wakaulizana: chakula cha mwisho alikipika nani? Siku ya mazishi Phelista aliteka chai kutoka sufuria mbili kubwa, akaigawa kwa mkono wake. Vikombe vilirudi vimejaa.

Miaka minne sasa, hakuna mtu wa upande wa mume aliyepokea hata maji kutoka kwake. Hakuna aliyemshtaki kwa mdomo, angeshtakiwa angejitetea. Walimwamkia vizuri, wakamwulizia watoto, wakaaga kabla birika halijachemka. Mtu akishukiwa muda mrefu namna hiyo naye hujifunza kazi ya kushuku, na Phelista alikuwa ameshahitimu.

Kipkoech alimwachia karatasi ya kibali. Phelista aliisoma mara tatu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakuta muhuri ni wa Kitale.

"Hii si ni ya Kitale?" akamwuliza alipompigia simu.

"Tulianzia huko, madam. Ya Bungoma iko njiani inakuja."

Jumatano akafunga duka, akaenda Kitale. Hakwenda ofisi yoyote. Ofisini watu hukwambia kilichoandikwa. Alikwenda mtaa wa Matisi, akauliza duka lililofanyiwa sherehe ya brandi, akaonyeshwa bila taabu, kwa sababu watu walikuwa bado wanalizungumzia. Mwenye duka aliitwa Jepkorir, mama mnene mwenye sauti ya chini. Nyuma yake rafu ndefu ilikuwa imejazwa karatasi za choo tangu mwanzo hadi mwisho.

"Hapo ndiyo pombe ilikuwa," Jepkorir akasema, akiona anavyoitazama. "Walikuja na muziki, watu wakajaa. Wengine wakaingia na vikombe zao. Mimi nauza, sioni. Lakini kuna mtu aliona."

"Nani?"

"Afisa. Hawa hawakuji na yunifomu, dada. Wanakuja kama mteja. Ukiona mtu ameshika kitu moja nusu saa na hanunui, jua huyo ndiye."

"Na kampuni ilifanywa nini?"

Jepkorir akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Kampuni iko na kibali. Ilifunga hema ikaenda kwa duka ingine. Kibali ni ya kampuni, makosa ni yako."

Phelista alirudi Bungoma akiwa amekwisha kuamua kukataa, na akakataa kweli. Kipkoech hakukasirika hata kidogo, na hilo likamtia wasiwasi zaidi. Alisema tu, kwa upole wa mtu anayekuombea heri, kwamba mzigo wa Desemba huanzia kwa maduka yanayoshirikiana na kampuni, hao wengine hungoja. Desemba bila mzigo! Phelista alifikiri usiku mmoja, asubuhi akampigia akasema sawa, lakini kwa masharti yake.

Masharti yalikuwa mengi. Kibali cha Bungoma alikitaka mkononi, na alipokipata alikipeleka mwenyewe kwa karani wa mkuu wa wilaya akamwuliza kama muhuri ule ni wao au umechongwa kwa kiazi. Hema likae hatua kumi kutoka mlangoni. Kamba ifungwe. Asiyekuwa na kitambulisho asipewe. Na mtu yeyote mwenye kikombe, awe nani, asivuke kizingiti. Yeye mwenyewe angesimama mlangoni.

"Madam, wewe ni mkali kuliko DC," Kipkoech akasema.

"DC hana watoto wangu."

Gari la matangazo lilizunguka tangu Alhamisi, likafika hadi Webuye, likiwaambia watu wote waje dukani kwa Phelista, Jumamosi, kuonja bure. Alipolisikia likilitaja jina lake kwa kipaza sauti aliacha kupima unga. Alihisi ni kama anasomewa mashtaka.

Jumamosi watu walijaa kweli. Msichana wa kampuni, Viola, alizunguka hemani na sinia ya vikombe vya plastiki, mwepesi, mchangamfu, akiwaita wazee wote "baba" na vijana wote "bro". Chupa zilitoka. Phelista aliuza kwa mkono mmoja huku jicho liko mlangoni, na hadi saa nane hakuna kikombe kilichovuka. Karibu afurahi. Hapo ndipo alipomwona mwanamke mmoja wa makamo, sweta ya kijivu, amesimama upande wa majani ya chai. Aliichukua pakiti, akaisoma, akairudisha. Akachukua ileile tena.

Huyo ndiye, Phelista akajiambia. Akamwangalia na yeye akaangaliwa, wote wawili wakatabasamu kwa adabu.

Saa tisa mvua ikaja, mvua ya Bungoma isiyobisha hodi. Hema likayumba, watu wakakimbilia dukani. Phelista alijitupa mlangoni kama kipa. "Kikombe nje! Kikombe nje, bana, ama ukae nje nacho!" Alivinyang'anya kimoja kimoja, akavitupa kwenye tope, na watu wakaingia mikono mitupu wakicheka, wakibanana kati ya unga na mafuta ya taa. Aliyeingia wa mwisho alikuwa mzee mrefu aliyevaa koti zito na gambuti, amelowa kofia. Kipkoech alikuwa amemshika mkono kumsaidia kupanda ngazi.

Phelista aliutambua uso ule mara moja. Alikuwa mzee Wabwile, kaka mkubwa wa baba yake Makokha, mkubwa wa ukoo wote kule Matulo. Miaka minne hakuwahi kukanyaga dukani kwake. Kwa nini leo? Na kwa nini mkononi mwa Kipkoech?

"Mulembe, mayi," mzee akaamkia.

"Mulembe, Papa. Karibu."

Akamvutia kreti tupu ya soda akae. Mzee akaketi katikati ya duka, watu wakamwachia nafasi kwa heshima. "Nimesikia huko Webuye ati kwako kuna kitu ya kuonja," akasema. "Reo nimekuja kuonja."

"Ya kuonja iko nje, Papa. Ngoja mvua iishe nikutoe."

"Mimi na miaka yangu nitarudi kwa mvua?"

Phelista hajajibu, Viola akapenya kutoka nyuma. Alikuwa amekinga kikombe kimoja kwa kiganja chake, kimejaa, na alikuwa amepiga goti kumpa mzee kabla Phelista hajanyoosha mkono. Alifundishwa vizuri kwao, maskini: mzee hangojeshwi. Aliyesahau kumfundisha habari ya kizingiti ni Phelista, ambaye aliwakataza wateja wote wa Bungoma akasahau kumkataza msichana wa sinia.

"Papa, lete nikushikie," Phelista akasema haraka.

Wabwile hakunywa, wala hakukitoa. Alikishika kikombe, akakitazama, kisha akamnyooshea yeye.

"Mwenye nyumba huonja kwanza," akasema.

Kila mtu pale aliijua desturi ile. Nyungu ya busaa, pombe ya nafaka, ikiletwa mbele ya wageni, mwenye nyumba huvuta mrija wa kwanza, wageni waone hakuna kilichotiwa ndani, kisha mirija mingine yote huingia. Hufanywa hata kati ya marafiki, na hakuna anayeudhika. Ni kama kusema karibu. Lakini kutoka mdomo wa mzee yule, kwenda kwa mwanamke yule, haikuwa kama kusema karibu. Phelista aliinua macho akaona kwenye umati nyuso tatu nne za watu wa Matulo waliokuja na gari moja na mzee, zote zimemkazia. Na hatua tatu kutoka kwao, yule mwanamke wa sweta ya kijivu alikuwa ameiweka pakiti ya chai chini kabisa, haigizi tena.

Nani amenipangia hili? akawaza. Kipkoech? Mwenye duka jingine la pombe hapa mjini, ili abaki na chupa zote peke yake? Wamemtoa mzee wa watu Matulo kuja kunimaliza. Alihisi hasira, na chini ya hasira hofu, na chini ya hofu kitu kilichomwuma zaidi, uchovu wa miaka minne. Tangu azaliwe hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa mtu wa kanisa la Marafiki, wanaokataza pombe, aliuza asichokunywa na mchungaji alikuwa akimsema kwa hilo. Akinywa, leseni imekwenda. Asiponywa, watu hawa watarudi Matulo wakisema: mmeona? Amempa mzee kitu ambacho yeye mwenyewe anakiogopa.

Alikichukua kikombe akanywa. Kilimchoma hadi machozi yakamtoka, akakohoa, akakirudisha kwa mikono miwili. Wabwile akakipokea, akamaliza chote kwa mkupuo mmoja. Kisha akakiinua juu, akakipindua, duka lote lione kwamba hakuna kilichobaki. Alikaa kwenye kreti yake mpaka mvua ikakatika, akaaga, akaenda.

Phelista hakulala vizuri siku zilizofuata. Lile la kukipindua kikombe ndilo lililomkosesha usingizi. Mzee alikuwa akimwonyesha nani? Alijibu mwenyewe: yule afisa. Alikuwa akimwonyesha afisa ushahidi.

Korti ya leseni ilikaa Jumanne, siku ya kumi tangu mvua ile, kwenye ukumbi wa ofisi ya mkuu wa wilaya. Kabla hawajaingia, Kipkoech alimvuta pembeni. "Kataa tu, madam. Hakuna picha. Ni neno ya afisa na yako. Na yule mzee nimeshaongea na yeye."

"Umeongea naye nini?"

"Wewe tulia tu. Amekubali."

Amekubali nini? Phelista aliingia ukumbini na swali hilo. Wabwile alikuwa ameketi benchi la mbele, kofia magotini, na nyuma yake benchi zima la watu wa Matulo. Hata hao nani aliwaita?

Mwanamke wa sweta ya kijivu alisimama, safari hii amevaa koti safi. Jina lake Chesang, afisa wa afya. Alisoma alichokiandika bila chuki: hema lilikuwa mahali pake, kibali kilikuwapo, mwenye duka alijitahidi sana mlangoni. "Lakini watu wawili walikunywa ndani ya duka. Mwenye duka mwenyewe, na yule mzee aliyeketi pale."

Mwenyekiti alishusha miwani. "Tuanze na mzee. Ni kweli ulipewa pombe ndani ya duka la huyu mama?"

Wabwile alisimama taratibu. Hakumtazama Phelista. "Mheshimiwa, hapana. Mimi sikukunywa kitu kwa huyu mama. Kikombe ilikuwa tupu. Na yeye hakuonja kitu."

Ukumbi ukanong'ona. Kwenye benchi la Matulo mtu mmoja akamwinamia mwenzake. Phelista aliyarudia maneno yale moyoni. Sikukunywa kitu kwa huyu mama! Mbele ya ukoo mzima! Kwa hiyo ndicho alichokubali na Kipkoech: kukinywa kikombe siku ya umati na kukitapika siku ya korti, ili yeye abaki palepale alipokuwa, mpika chakula cha mwisho. Alisimama kabla hajaitwa.

"Ulikunywa, Papa!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nilionja mimi kwanza, ukapokea ukamaliza, ukawaonyesha watu kikombe kitupu. Hawa wote walikuwako. Kwa nini unanikana?"

"Mama," mwenyekiti akasema polepole, "unaelewa unachokiri?"

"Naelewa. Andika. Nilikunywa, na yeye akanywa kutoka mkononi mwangu, na yu hai mpaka leo, mzima, amesimama pale."

Waliandika. Haikuchukua muda. Leseni ya pombe ya duka la Phelista Nekoye haikufanywa upya. Chupa zilizobaki azirudishe kwa kampuni, na angeweza kuomba tena baada ya mwaka mmoja. Kipkoech aliondoka kabla ya mwisho, simu sikioni, akitafuta duka jingine bila shaka.

Nje, Phelista alimkuta Wabwile amesimama juu ya ngazi, akiivaa kofia yake. Alikuwa na maneno makali tayari.

"Alikupa nini, Papa? Yule kijana wa tai. Alikupa nini unikane?"

"Kunipa?" Mzee akashangaa kweli. "Aliniambia tu nikisema ukweri utanyang'anywa duka. Nikafikiria watoto wa Makokha. Nikaona mimi nimezeeka, uongo moja hautaniua."

Phelista bado alikuwa na swali moja, lile la siku zote. "Na siku ile ya mvua? Nani alikutuma?"

"Nani anituma mimi? Ile gari ya kelele ilipita Webuye inasema watu watajaa kwako. Nikaambia hawa wetu, twendeni. Nikinywa kwako tukiwa wawili, nani ataamini? Nilitaka siku ya watu wengi. Hiyo mambo ya leseni mimi sikuijua, mayi."

Phelista aliketi kwenye ngazi, pale pale, na nguo yake nzuri. Aliona aibu, tena aibu kubwa. Kwa siku kumi alikuwa amemjengea mzee yule kesi, ushahidi juu ya ushahidi, na hapakuwa na hata kipande kimoja cha kweli ndani yake. Angenyamaza dakika moja tu mle ndani, rafu ingekuwa yake bado. Lakini angenyamaza, benchi lile lote lingerudi Matulo na neno la mkubwa wao kwamba hakunywa kwake.

"Papa," akasema, akifuta uso, "nilidhani wewe ndiye adui."

"Najua." Wabwile aliinama kwa shida akaketi karibu naye. "Hata mimi, miaka miwili ya kwanza, nilidhani wewe ndiye ulimuua."

Kisha mzee akamwomba mkono wa kushukia ngazi, na Phelista akampa.